Tusinyimwe Safari Sevens kwa Kosa la Wawili

Na Mwanachama wa Chama cha Kiswahili, Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba samaki mmoja akioza, wote wameoza. Methali hii nimeisikia tangu darasa la nne, na kila mara nimeitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Lakini tangu mwaka jana nimeanza kuitilia shaka. Nenda soko kuu hapa Eldoret umwangalie mama anayeuza samaki waliotoka Kisumu. Akiona mmoja ameharibika, anamtoa, anamtupa, halafu anaendelea kuuza. Sijawahi kumwona akimwaga kapu zima mtaroni. Angefanya hivyo watoto wake wangekula nini?

Mpenzi msomaji, nisikuzungushe kama mtu anayetafuta mlango usiku. Nazungumzia ile marufuku ya kwenda Nairobi kutazama mashindano ya Safari Sevens. Walimu wetu wapendwa, naomba mnisome hadi mwisho kabla ya kuniita ofisini. Sikuandika haya kwa kiburi. Nina kosa langu pia, na nitalisema.

Kwanza niwaeleze wale ambao raga wanaisikia tu. Raga ya kawaida huwa na wachezaji 15 kila upande na huchukua dakika 80. Raga ya wachezaji saba kila upande huchezewa uwanja ule ule, haupunguzwi hata hatua moja, ila watu ni 7 kwa 7, na kila kipindi ni dakika 7. Hebu piga hesabu mwenyewe. Watu wachache, uwanja mpana, muda mfupi. Maana yake ni kwamba hakuna pa kujificha. Ukilala kidogo tu, mtu amekupita, na akishakupita huyo amekwenda. Akifika nyuma ya mstari wenu na kuugusisha mpira chini, amefunga trai na kupata alama 5. Mkwaju unaofuata ukipita katikati ya milingoti, anaongezewa 2. Kabla hujavuta pumzi, mpira umeanzishwa tena.

Mashindano ya Safari Sevens yalianza Nairobi mwaka wa 1996. Tangu wakati huo yameleta timu za mataifa na za vilabu kutoka Afrika na ng'ambo kuja kucheza kwetu, badala ya sisi kungoja habari zao gazetini. Yamechezewa uwanja wa RFUEA katika barabara ya Ngong, yamechezewa Nyayo na yamechezewa Kasarani. Kwa mwanafunzi wa Eldoret ambaye televisheni ya shule ameiona ikiwashwa mara mbili kwa muhula, kuwaona wachezaji wa kimataifa kwa macho yake ni jambo la kusimulia wajukuu.

Sasa nirudi kwenye kisa chenyewe, kwa sababu wengi wameusikia uvumi tu.

Mwaka jana tuliondoka hapa saa tisa usiku, wanafunzi 44 katika basi la shule, pamoja na walimu wawili na dereva. Timboroa ilitupokea kwa baridi ambayo ilipenya hata sweta mbili. Nakuru kulikuwa kunapambazuka. Kufika Nairobi, jua lilikuwa limekwisha panda, na kelele za mashabiki tulizisikia kabla hatujauona uwanja. Mama yangu alikuwa amenilipia nauli kwa pesa za maziwa ya miezi miwili, na alinionya, "Mwanangu, kaa karibu na mwalimu." Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Nilichokiona uwanjani siku ile sijakisahau. Nilimwona winga mmoja mwembamba, hata hanizidi mimi kimo, akipokea mpira pembeni kabisa akiwa amezungukwa na watu wawili wenye vifua kama makabati. Nikasema huyu leo amekwisha. Akasimama. Yaani alisimama kabisa, kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Wale wawili nao wakasita, na papo hapo kijana akachomoka katikati yao. Trai! Watu nisiowajua walinikumbatia. Mwalimu wetu wa michezo akageuka akatuambia, "Mmeona? Hakuwashinda kwa nguvu. Amewashinda kwa kuwafanya wangoje." Maneno hayo ameyasema mara mia katika mazoezi na sikuwahi kuyaelewa. Siku ile niliyaelewa kwa sekunde tatu.

Katika basi letu walikuwamo wasichana 11 wa timu mpya ya raga. Walikaa mstari wa mbele kabisa na daftari, ati wanachora jinsi wachezaji wanavyojipanga wakati wa kuanzisha mpira. Tuliwacheka. Wiki iliyofuata walituonyesha walichochora, na cheko likatuisha.

Lakini sitadanganya kwamba yote yalikuwa mazuri. Jukwaani kulikuwa na bia, tena nyingi. Kulikuwa na watu wazima waliokuwa wameupa uwanja mgongo tangu asubuhi, hawajui nani anacheza wala nani anaongoza. Muziki ulikuwa mkubwa kuliko filimbi ya mwamuzi. Mtu anayesema kwamba Safari Sevens haina ulevi, huyo ama hajafika, ama alikuwa mmoja wa walevi wenyewe.

Mnamo saa tisa alasiri wenzetu wawili, tena mmoja wao kiongozi wa timu, walivua sweta za shule wakazifunga kiunoni. Walipita karibu nami. Mmoja akaninong'oneza, "We tulia tu, tunarudi sasa hivi." Nilijua wanakoenda. Walirudi saa kumi na mbili, macho mekundu, wakicheka visivyochekesha. Tulipofika Naivasha mmoja alitapika ndani ya basi, na siri ikawa si siri tena. Mwalimu alisimama akaanza kutuuliza mmoja mmoja. Alipofika kwangu alisema, "Kijana, ulijua?" Nikamtazama usoni nikasema, "Hapana, mwalimu. Sikujua."

Huo ulikuwa uongo. Nimeubeba mwaka mzima. Kabla ya kuikabidhi makala hii kwa mhariri nilimwendea mwalimu yule nikamwambia ukweli. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi na hilo liandike." Ndiyo nimeliandika.

Jumatatu gwaride lilikuwa refu. Wale wawili walipewa adhabu ya wiki mbili nyumbani na wakarudi na wazazi. Hilo nalikubali kwa moyo wote, na hata wao wenyewe wanalikubali. Lakini ikatangazwa pia kwamba hakuna mwanafunzi wa shule hii atakayekwenda tena kutazama raga Nairobi, mwaka huu wala mwaka mwingine wowote. Mama aliposikia alinitazama akauliza, "Kumbe nilikutuma kutazama mchezo ama kutazama walevi?" Sikuwa na jibu. Leo angalau ninalo la nusu.

Katika raga ya wachezaji saba kuna kadi mbili, ya manjano na nyekundu. Mchezaji akifanya kosa baya anapewa kadi ya manjano na kukaa nje dakika 2. Dakika 2 katika mchezo wa dakika 14 si mzaha. Timu inabaki na watu sita na mara nyingi hufungwa papo hapo. Kwa hivyo wenzake wote wanaumia kidogo kwa kosa la mmoja, na hiyo ni haki, kwa sababu ni timu. Lakini muda ukiisha, yule mtu anarudi uwanjani. Na hata mchezaji akipewa kadi nyekundu, ni yeye anayetoka. Sijawahi kumwona mwamuzi akiwapa kadi nyekundu wachezaji saba wote, wale wa akiba, na watoto ambao watacheza miaka kumi ijayo. Shule yetu imefanya hivyo. Kosa la wawili limewafungia mlango hata wanafunzi wa kidato cha kwanza ambao wakati ule walikuwa bado shule za msingi wakiimba mashairi.

Na wale wasichana 11 je? Wao walikunywa nini, zaidi ya soda waliyonunuliwa na mwalimu? Timu ya taifa ya wanawake, Kenya Lionesses, ilicheza Olimpiki ya Rio mwaka wa 2016 na ile ya Tokyo iliyofanyika mwaka wa 2021. Mwenzetu akitaka kufuata njia hiyo, aanzie wapi ikiwa hata kutazama haruhusiwi?

Najua majibu ya wanaounga mkono marufuku. Nimeyasikia katika mjadala wa chama chetu, na si majibu ya kupuuzwa.

Wa kwanza husema, "Pale ni kwa walevi, si kwa wanafunzi." Ni kweli bia ipo, na kuna miaka ambayo mashindano yenyewe yalibeba jina la bia. Lakini sheria ya vileo ya mwaka wa 2010 inakataza kumuuzia pombe mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Aliyewauzia wenzetu alivunja sheria, nao kwa kuvua sweta walimsaidia kuivunja. Tena, je, pombe iko Nairobi peke yake? Hapa Eldoret mwanafunzi akitaka kupotea, hahitaji basi la saa tisa usiku. Atapotea akitembea kwa miguu. Kazi ya shule si kutuficha mahali pasipo na pombe, kwa maana mahali hapo hapapo. Kazi ni kutufundisha kupita kando yake. Mimi siku ile nilikuwa na nafasi ya kumshika mwenzangu mkono na kumwambia, "Bwana, rudi ukae." Sikufanya hivyo. Somo hilo nisingelipata darasani.

Wa pili husema, "Sisi watu wa Eldoret ni watu wa mbio. Raga tuwaachie wa Nairobi." Hapo nacheka. Kwani raga ya wachezaji saba ni nini kama si mbio? Hapa ni nyumbani kwa kina Kipchoge Keino, aliyeleta dhahabu ya mita 1500 kutoka Mexico mwaka wa 1968. Mtoto wa hapa hukimbia kwenda shule na kukimbia kurudi, tena katika hewa nyepesi ya milimani. Mfundishe kudaka mpira na kumwangusha mtu bila kumuumiza, halafu uone. Tena raga si ngeni hapa. Mashindano ya Sepetuka Sevens yamewahi kuchezwa hapa hapa Eldoret kama mkondo wa ligi ya kitaifa, sawa na Prinsloo ya Nakuru, Dala ya Kisumu na Driftwood ya Mombasa.

Wa tatu husema, "Itawasaidia nini?" Huyu namjibu kwa habari ya tarehe 17 Aprili 2016. Siku hiyo timu yetu ya taifa, Shujaa, ikifundishwa na marehemu Benjamin Ayimba, iliingia fainali ya mashindano ya Singapore dhidi ya Fiji. Fiji ni visiwa vyenye watu wasiofika milioni moja, lakini katika mchezo huu ni wafalme. Miezi minne baadaye wangeshinda dhahabu ya Olimpiki, medali ya kwanza katika historia ya nchi yao. Kenya ikawachapa 30 kwa 7. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Kenya kutwaa taji katika msururu wa dunia. Collins Injera, ambaye jina lake hutajwa kila pahali penye orodha ya wafungaji bora wa trai duniani, alikuwa uwanjani siku ile.

Halafu sikiliza ya pili yake, maana hii ndiyo inayonigusa zaidi. Mwaka wa 2023 Shujaa hao hao walishushwa kutoka msururu huo huko London, baada ya kushindwa na Canada 12 kwa 7. Watu walilia na wengine wakasema raga ya Kenya imekufa, tuizike. Mwaka uliofuata, 2024, wakapambana katika daraja la chini na kupanda tena kule Madrid, kisha wakaenda Olimpiki ya Paris na kumaliza nafasi ya 9. Je, baada ya ule msiba wa London tungeivunja timu na kutangaza kwamba hakuna Mkenya atakayegusa mpira wa raga tena, hiyo nafasi ya kurudi ingetoka wapi? Kuanguka si hoja, hoja ni kuamka.

Haifai kulalamika bila kupendekeza, kwa hivyo nina mapendekezo matatu.

La kwanza, safari irejeshwe kwa masharti. Aende yule tu aliyehudhuria mazoezi au vikao vya chama muhula mzima na hana kesi kwa mwalimu wa zamu. Tukae upande mmoja, mbali na wauzaji wa vileo. Sweta isivuliwe. Kila wanafunzi watano wawe kundi, na mmoja akipotea, watano wote wajibu. Tuondoke uwanjani saa kumi, kabla giza na muziki havijatawala. Ikiwa mtu atavunja masharti, atoke yeye na kundi lake, wengine wabaki.

La pili, tusingoje Nairobi. Tuandae mashindano yetu hapa shuleni. Je, mnajua mchezo huu ulizaliwaje? Mwaka wa 1883 katika mji mdogo wa Melrose kule Uskoti, klabu ya raga ilikuwa imeishiwa pesa. Mchinja nyama mmoja, Ned Haig, ambaye pia alikuwa mchezaji, akatoa wazo la kuandaa mashindano ya siku moja yenye kiingilio. Lakini timu nyingi za watu 15 zisingeweza kumaliza mechi zote kwa siku moja, basi wakapunguza watu na dakika. Kwa lugha yetu, hiyo ilikuwa harambee! Raga ya saba ni mtoto wa harambee, na Mkenya gani hajui harambee? Sisi tunacho kiwanja, na nyasi tunazo, tukiwaondoa ng'ombe wa shule asubuhi. Tualike shule jirani nane, kiingilio kiwe kidogo, mama wauza chai na mandazi wapewe nafasi, na bia isikanyage langoni. Pesa zitakazopatikana zinunue vitabu vya maktaba na mipira. Wazazi waje waone kwa macho yao, mama yangu akiwa wa kwanza.

La tatu linatuhusu sisi wanachama wa Chama cha Kiswahili. Siku hiyo mechi zitangazwe kwa Kiswahili, kutoka filimbi ya kwanza hadi ya mwisho. Mwaka jana nilijaribu kumsimulia mama mchezo ule nikakwama kila sentensi ya pili. Trai tunayo, mkwaju tunao, skramu tumeikopa na imekubali kukopwa. Lakini ule ujanja wa yule winga, wa kusimama ghafla ili mpinzani asite, tunauitaje? Nilimwambia mama, "Alimzubaisha." Akaelewa mara moja, akacheka. Basi neno tunalo! Mengine tuyatafute wenyewe, tusikae kungoja kuletewa na wengine. Lugha isiyoingia uwanjani itabaki ya mitihani tu.

Walimu wetu, tulikosa. Wawili walikosa kwa kunywa, mimi nilikosa kwa kunyamaza na kusema uongo. Wenzangu wametumikia wiki zao mbili. Mimi adhabu yangu naingojea, na nitaipokea bila kunung'unika. Lakini wale wa mstari wa mbele, wenye daftari, hawana deni. Mimi nikifungiwa, nifungiwe peke yangu. Wao wapeni basi.

Na nyinyi wanafunzi wenzangu, mkipewa nafasi hiyo, mkimwona mtu anavua sweta, msitulie tu. Mshikeni mkono.

Naweka kalamu chini. Asiyekubaliana nami ajibu katika toleo la mwaka ujao, au aje tukutane kiwanjani, saba kwa saba.